Kimea cha Bosi

Fundi mwashi alikuwa na mabosi wawili. Mmoja alikuwa kazini, na huyo alifoka mara moja kwa wiki. Wa pili alikuwa nyumbani, na huyo alifoka kutwa. Alikuwa na umri wa miezi tisa, meno mawili, na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Ndiyo maana mwanawe huyo wakamwita Bosi.

Kila asubuhi fundi alimpakata kidogo kabla ya kushika ndoo na mwiko wake wa kujengea. Bosi alimvuta masikio na kupiga kelele. Mkewe, aliyekuwa mshonaji, alicheka huku akikanyaga cherehani.

Lakini mwezi ule Bosi aliacha kufoka. Fundi alirudi kutoka kazini akakuta nyumba kimya.

"Leo bosi wetu yuko likizo?" aliuliza kwa utani.

Mkewe hakucheka. Bosi alikuwa amelala begani kwake, macho wazi, amelegea.

Kesho yake walimpeleka kwa jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Dada Mizani, kwa sababu ya mizani yake ya kupimia watoto. Aliitundika kwenye msumari mlangoni pake. Msumari wenyewe ulikuwa unacheza kama jino bovu.

Dada Mizani alimweka Bosi kwenye mizani. Alitazama namba, akatazama kadi ya mtoto.

"Mwezi wa tatu huu hajaongezeka," alisema. "Nitampima tena baada ya wiki mbili. Akibaki hivi, itabidi alazwe hospitali. Mwili wake unaishiwa nguvu."

Fundi alimtoa mwanawe kwenye mizani, akampakata.

"Anakula nini?" Dada Mizani aliuliza.

Bibi yake Bosi, mama mzazi wa fundi, alijibu kwa fahari. "Ananyonya vizuri. Na uji nampikia mwenyewe, mara tatu kwa siku. Habakizi hata tone!"

"Nauomba niuone, Mama."

Bibi alikuwa amekuja nao kikombeni. Dada Mizani aliuchota kwa kijiko, akauinamisha. Uji ulichuruzika kama maji ya kuoshea vyombo.

"Mbona mwepesi hivi?"

"Mzito unamkaba, mwanangu. Anautema, anakohoa. Nikiongeza maji, anaumeza bila shida."

Dada Mizani alimgeukia fundi. "Fundi, kibarua wako akizidisha maji kwenye saruji, ukuta unakuwaje?"

"Ukuta gani hapo? Unabomoka! Mtu wa namna hiyo namfukuza siku hiyo hiyo, simpi hata..."

Alikitazama kile kikombe, kisha akamtazama mwanawe. Bibi alijifunika uso kwa viganja.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemmaliza mjukuu wangu?"

"Hapana, Mama," Dada Mizani alimshika mkono. "Umemlainishia kwa mapenzi. Ila tumbo lake ni dogo. Linajaa maji kabla halijapata chakula. Tunataka uji uliojaa unga, lakini laini kwa kumeza."

"Mzito na mwepesi kwa wakati mmoja?" fundi alisema. "Hizo ni hadithi, Dada."

"Si hadithi, ni kimea. Unaijua mbegu ya ulezi? Ndani imejaa wanga, akiba ya mmea mchanga. Mbegu ikianza kuota, hutengeneza vibarua wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wanaitwa vimeng'enya. Kazi yao ni kukatakata wanga ili mmea upate chakula. Sasa, uji ni mzito kwa sababu wanga ni kama minyororo mirefu inayoshika maji. Ukitia unga wa mbegu zilizoota, ndicho kimea, vimeng'enya vinaikata."

"Kama mkasi wa kukatia nondo?"

"Hasa! Hata wewe unavyo, kwenye mate na tumboni. Bosi pia anavyo, ila bado ni vichache. Tumsaidie."

Siku hiyo hiyo Bibi aliosha ulezi, akauloweka hadi kesho yake. Alimwaga maji, akaufunika kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kila saa alikwenda kufunua na kuchungulia. Baada ya siku mbili ulezi ukaota. Aliuanika juani hadi ukakauka kabisa, akaufikicha ili vimizizi vitoke, akausaga.

Fundi akasema, "Uji wa kwanza nitaupika mimi."

"Haya, ila usikoroge kwa mwiko wa saruji," mkewe alimwambia.

Fundi alipika uji mzito. Ulipokuwa unatokota kwa nguvu, alitia kimea na kuchochea moto. Yeye alizoea matofali. Tofali likipata moto mkali ndipo linapokomaa. Basi aliuacha uji utokote sana.

Haukulainika. Mwiko ulisimama wima katikati ya sufuria. Fundi alikwenda kwenye ukuta wa uani akaita kwa jirani.

"Dada Mizani! Vibarua wako wamegoma!"

Dada Mizani alikuja, akatazama sufuria na moto, akaangua kicheko.

"Hawakugoma, Fundi. Umewachemsha! Vimeng'enya vinapenda joto, lakini vikichemka vinaharibika. Anza upya. Uji ukiiva, uepue. Subiri uache kutokota na upoe kidogo, ila uwe bado wa moto. Kwa kikombe kimoja, tia kijiko kidogo cha kimea. Koroga, funika, ngoja dakika kumi."

Fundi alifanya hivyo. Wote wanne walikaa kuizunguka sufuria kama wanaosubiri mgeni. Fundi alipofunua akausimamisha mwiko, ukalala pembeni. Aliuchota uji, nao ukateleza taratibu kutoka kwenye kijiko. Hakuna aliyeongeza maji hata tone.

"Jamani!" Bibi alisema. "Na unga wote umo humo humo!"

"Wote umo. Sasa urudishe motoni, uchemke kidogo kuua vijidudu vya kimea," Dada Mizani alisema. "Vimeng'enya navyo vitakufa, lakini kazi vimeshamaliza."

Uji ulipopoa, Bibi alimlisha Bosi. Alimeza kijiko cha kwanza. Akameza cha pili. Hakukohoa. Alimaliza kikombe kizima, akalala na kijiko mkononi. Bibi alimpangusa mdomo, naye machozi yakamtoka.

Tangu siku hiyo kimea kikawa kazi ya Bibi. Aliyekigusa bila kunawa mikono alikiona cha moto.

Wiki mbili zilipita. Siku ya kupima, fundi alifika mapema kwa Dada Mizani na mfuko wa zana. Aliung'oa ule msumari unaocheza, akachimbia ndoano nene ya chuma na kuizungushia saruji. Saruji ilipokauka, jioni, akamleta mwanawe.

"Fundi, nani alikutuma?" Dada Mizani aliuliza.

"Sina cha kukulipa kwa ulilotufanyia, Dada. Hata kama hajaongezeka, umetuhangaikia. Kila mtoto wa mtaa huu apimwe bila kuanguka."

Dada Mizani alitundika mizani. Mke wa fundi alimweka Bosi, akarudi nyuma, akamkamata mumewe mkono kwa nguvu. Bibi alifumba macho.

"Ameongezeka karibu nusu kilo," Dada Mizani alisema. "Hospitali haendi. Endeleeni hivyo hivyo, na maziwa ya mama yasikatike."

Bosi alijikuta ananing'inia, watu wote wanamtazama. Hakupendezwa hata kidogo. Alikunja uso, akapiga mateke, kisha akafoka kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa. Ndoano haikutikisika.

Fundi alicheka huku analia. Hakuharakisha kumshusha.

"Asante, Dada," alisema. "Asante, Mama. Nawe Bosi wangu, foka tu, baba. Foka, nakusikia."