Kikaratasi Ndani ya Uzi

Kila Alhamisi akitoka shule, mjukuu wangu Signe alipitia kwanza jikoni kwangu, akala chapati ya viazi iliyopakwa siagi na sukari, kisha tukaenda pamoja ukumbi wa kanisa kushona. Stesheni yetu ya zamani ya treni paa lake lilikuwa limeoza. Kama tusingelitengeneza kufikia kiangazi, ingebomolewa. Kwa hiyo majira yale ya baridi akina mama wa mji tulishona mfarishi wa majina, blanketi kubwa la vitambaa vilivyoungwa, tukakusudia kuupiga mnada.

Kwa dola kumi, mtu alitariziwa jina lake, au la mpendwa wake, kwa uzi mwekundu. Majina yaliandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa ndani ya kopo la kahawa. Signe alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kupokea vikaratasi na kutuzungushia nyuzi. Bi Thora, aliyetuongoza, alizoea kumwambia, "Wewe ndiye macho yetu. Mimi tundu la sindano siku hizi linanikimbia."

Mfarishi ulikamilika mwezi wa tatu. Majina zaidi ya mia mbili yaliizunguka picha ya stesheni, pamoja na benchi lake la mlangoni. Alhamisi moja tukautandaza mezani, watu wakaja kutafuta majina yao. Mzee Lunde, mkulima wa ngano aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, alikuja amevaa tai. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Alipofika mwisho, akaanza upya.

"Namtafuta Astrid wangu," akasema.

Bi Thora akachungulia kopo. Lilikuwa tupu. Akamuuliza kwa upole kama ana hakika alileta jina. Mzee alisimama akiizungusha kofia yake mikononi.

"Nilidhani nimeleta. Labda nilikusudia tu. Siku hizi kichwa hiki nacho..." Mama mmoja alimsogezea kiti, mwingine akammiminia kahawa.

Jumamosi Signe alikuwa kwangu, akishona kifungo cha koti lake kwa uzi mwekundu uliobaki. Sisi huku hatutupi kitu; uzi tunauzungusha kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Uzi ulipokwisha, kikaratasi kilibaki mkononi mwake. Akakikunjua, akasoma, kisha akakitia mfukoni haraka. Nilimwona. Niliendelea kumenya viazi, nikitumaini ataniambia mwenyewe. Hakuniambia, na chakula cha jioni hakukigusa.

Jumatatu tulikwenda dukani kununua mkate. Mwenye duka alitueleza kwamba Mzee Lunde amempigia simu binti yake aliye mjini Regina. Anataka kuuza nyumba akaishi kwake. Mzee mwenyewe alisema mtu anayesahau jambo kama lile hafai kuishi peke yake, wala kuendesha gari.

Nje, upepo ukitupiga usoni, Signe alisimama.

"Bibi, mzee hakusahau. Ni mimi." Akanionyesha kikaratasi. "Nilikizungushia uzi bila kutazama. Halafu nikaona pindo limeshashonwa, nikasema ni jina moja tu. Niliogopa watanicheka, kwamba hata kuzungusha uzi siwezi."

"Na sasa unaogopa nini?"

"Kwamba atahama kwa sababu yangu."

Hatukurudi nyumbani kuweka mkate. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Lunde. Signe alimpa kikaratasi palepale mlangoni. Mzee aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Kwa hiyo nilileta."

"Ulileta, babu. Nikakizungushia uzi."

Mzee aliketi kwenye kigoda cha kuvulia viatu, akacheka mpaka akajifuta macho. "Hata Astrid alikuwa hivyohivyo. Barua yangu ya posa aliizungushia uzi. Nilingoja jibu miezi miwili."

Kisha akamshika Signe mkono. "Sikiliza, binti. Jina kukosekana ningelizoea. Lakini siku nne hizi nimekaa nikikiogopa kichwa changu mwenyewe. Kosa lako lilikuwa dogo, uzi tu. Ulipojua ukanyamaza, ndipo likawa kubwa, maana mimi ndiye niliyelibeba. Siku nyingine ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajalilipia."

Signe aliitikia kwa kichwa.

Alhamisi alieleza yote mbele ya akina mama, Mzee Lunde akiwepo. Hakuna aliyecheka. Bi Thora alitunga uzi kwenye sindano, safari hii mwenyewe, kwa taabu, akamkabidhi. Nafasi kwenye mfarishi haikuwepo, mpaka Mzee Lunde alipoweka kidole kwenye picha ya benchi.

"Hapa ndipo nilipomkuta, mwalimu mgeni aliyeshuka kwenye treni, hana wa kumpokea."

Signe alilitarizi jina juu ya benchi. Herufi zilipinda kidogo, na hatukuzinyoosha.

Mnada ulifanyika Jumamosi, na fedha za paa zikatimia. Mzee Lunde alifika mapema kuliko wote, akaegesha mbele ya ukumbi. Alikuwa amekuja akiendesha gari lake mwenyewe.