Orest, Kuchakuro na Kofia ya Mikia

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, na nyumbani kwa Orest Hnatiuk hakukukalika kwa kelele. Ndugu walikuwa wamefika kutoka mjini kwa magari matatu. Meza zilitolewa uani. Darka, mke wa Orest, alipakua pyrohy, mfano wa sambusa za kuchemshwa, zilizojaa viazi na jibini, akazimwagia vitunguu vya kukaanga. Mbwa alizunguka chini ya meza akiombaomba.

Na mwenye nyumba alikuwa wapi? Alikuwa katikati ya shamba la majani, nyuma ya pikapu, ameketi kwenye kiti cha kukunja. Bunduki ndogo ilikuwa mapajani. Alikuwa anachekelea peke yake.

Hiyo ndiyo waliyoiita Siku ya Mikia. Kila mwaka ukoo ule ulikutana kuwinda kuchakuro, wale kindi wanaochimba mashimo ardhini na kusimama wima mlangoni kama askari wa zamu. Kule Saskatchewan, nchini Kanada, ardhi ni tambarare mpaka macho yanachoka, na kuchakuro wanaipenda hivyohivyo. Mchana kutwa wanakula majani ya watu. Aliyepata mikia mingi zaidi alivishwa kofia ya manyoya iliyoshonewa mikia pande zote. Kofia yenyewe ilikuwa mbaya ajabu. Orest alikuwa ameivaa miaka tisa mfululizo.

"Shemeji, leo nakuvua hiyo kofia," alisema Bohdan, kaka yake Darka, akipanda kwenye pikapu.

"Utaivua nikiwa nimelala," alijibu Orest.

Jioni walihesabu mikia. Yote pamoja ilikuwa mia mbili na kumi na minne. Orest peke yake alikuwa na themanini na tisa. Alivaa kofia, akajipiga kifua, akazunguka meza mara mbili huku watu wakipiga makofi.

"Kuchakuro kwisha kazi," alisema.

"Mwaka jana ulisema hayohayo," Darka alimjibu, akikusanya sahani. "Na mwaka juzi."

Orest alijifanya hakusikia.

Mwezi wa saba walikata majani, wakayakausha, wakayafunga marobota. Shamba lile zamani lilitoa marobota themanini. Mwaka huo lilitoa thelathini na tano. Kila mahali palikuwa na mashimo na vichuguu vya udongo. Kwingine majani yalikuwa yameliwa mpaka mizizi.

Kule baridi hukaa miezi sita. Ng'ombe hula marobota tu, kwa sababu nje kuna theluji. Orest na Darka walikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Wote walikuwa uzao wa mitamba wawili ambao Darka aliachiwa na mama yake. Aliwajua mmoja mmoja kwa jina na kwa tabia. Sasa walipiga hesabu ya marobota usiku na mchana, lakini jibu halikubadilika. Chakula kilitosha ng'ombe sita.

Mwezi wa kumi lori la mnunuzi wa mifugo liliingia uani. Lilichukua ng'ombe sita. Darka aliwapandisha mwenyewe, akimpapasa kila mmoja mgongoni. Lori lilipotoka aliingia jikoni, akachukua sufuria safi, akaanza kuisugua.

"Mke wangu," alisema Orest kwa sauti ya chini, "mwakani mambo yatakuwa mazuri."

"Mwakani yakiwa hivi, hao sita waliobaki nao wataondoka. Nami sitafuga tena. Sina moyo wa kuwapandisha wengine kwenye lori." Aliendelea kusugua. "Una kofia nzuri, Orest. Lakini ng'ombe hawali mikia."

Maneno hayo yalimchoma Orest kuliko baridi ya nje.

Siku ya pili yake alikwenda shambani na hasira zake. Karibu na barabara aliona shimo jipya, kubwa, lenye lundo la udongo mbichi. Alilijua mara moja. Hilo lilikuwa shimo la nyegere, yule mnyama mfupi mwenye mstari mweupe usoni na makucha marefu. Orest alimchukia nyegere kama baba yake alivyomchukia. Mashimo yake makubwa huweza kuvunja mguu wa ng'ombe au kukwamisha trekta. Basi akalala kifudifudi na bunduki, akasubiri.

Greda la wilaya lilikuja polepole likisawazisha barabara. Likasimama. Aliyeshuka alikuwa Marlys Kvamme, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na tano, mwenye ovaroli na chupa ya kahawa. Alikuwa ameendesha greda hilo miaka ishirini na miwili, na nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi kutoka kwa akina Orest.

"Jirani, unamsubiri nani hapo chini?" aliuliza.

"Nyegere. Tazama shimo hilo, Marlys. Linameza tairi zima."

"Na kwa nini amechimba hapo?"

"Ukorofi tu."

Marlys alicheka. "Haya, mkorofi huyo mpe dakika kumi. Njoo tukae ndani ya greda, kuna joto. Ukitaka kumpiga baadaye, risasi hazitaoza."

Orest alipanda. Walikunywa kahawa. Nyegere alitokea, akanusa ardhi, akaanza kuchimba. Udongo uliruka nyuma yake kama unatupwa kwa koleo. Kisha akaingia kichwa mpaka kiuno. Alipotoka, mdomoni alikuwa na kuchakuro mnene. Baridi ilikuwa imeshamlaza shimoni, sasa nyegere alikuwa amemfuata kitandani. Akamla. Akasogea hatua chache, akachimba tena. Akatoa mwingine.

Orest alishusha kikombe. "Kumbe."

"Kila siku yuko kazini," alisema Marlys. "Hangojei wageni wala pyrohy. Na wewe ulitaka kumuua mfanyakazi wako."

Orest aliitazama bunduki yake. Halafu akasema, "Lakini mimi pia nawaua, Marlys. Mia mbili na kitu kwa siku moja. Mbona hawaishi?"

"Nikuulize. Kuchakuro wanatoka shimoni lini baada ya baridi?"

"Mwezi wa tano. Ndipo wanapojaa."

"Wanaojaa mwezi wa tano ni watoto. Wazazi wao walitoka zamani, wewe ukiwa bado umejifunika blanketi. Madume hutoka mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado ipo. Majike hutoka wiki mbili baadaye, wanapandwa mara moja. Mwezi wa nne wanazaa. Jike mmoja ana watoto sita, saba, hata wanane. Wewe unakuja mwisho wa mwezi wa sita na viti vya kukunja. Madume makubwa yameshaanza kurudi chini kulala. Unapiga watoto, na wengi wao wangekufa wenyewe kabla ya mwaka mpya. Wanaosalia wanatosha kujaza shamba tena."

Orest alijikuna kidevu. "Tulichagua tarehe hiyo kwa sababu watu wa mjini wana likizo."

"Kuchakuro hawana habari na likizo ya Bohdan."

"Wewe umeyajulia wapi haya?"

"Greda linakwenda mwendo wa kobe. Siku nzima sina la kufanya ila kutazama mashamba ya watu. Nilipoona mambo yanajirudia nilimuuliza mtaalamu wa kilimo wa wilaya. Akasema ndivyo yalivyo." Marlys alionyesha upande wa pili wa barabara. "Lile shamba halina kuchakuro. Unajua kwa nini?"

"Bahati."

"Bahati gani? Majani yake ni marefu. Kuchakuro ni mwoga. Anataka kumwona mwewe akiwa bado mbali. Ndani ya majani marefu haoni kitu, basi anahama. Lakini wewe mwezi wa tano unawafungulia ng'ombe humo humo unamotaka kukata majani. Wanalinyoa shamba kama kichwa cha kuruta. Kuchakuro akifika hapo anaona amejengewa nyumba."

Ilimuuma Orest, kwa sababu yeye ndiye aliyewafungulia, na kila mwaka alijisifu kwamba shamba lake ni safi. Alitoa risasi kwenye bunduki, akazitia mfukoni.

"Nifanye nini sasa?"

"Wahi. Acha majani yarefuke. Na usiwaguse wanaokusaidia."

Jioni Orest alimweleza Darka yote, hata lile la kuruta. Darka alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka kumi tumekuwa tukipika pyrohy bure," alisema.

"Pyrohy hazikuwa bure," alisema Orest. "Mimi ndiye niliyekuwa bure."

Kwa mara ya kwanza tangu lori liondoke, Darka alicheka.

Mwezi wa tatu theluji ilikuwa bado imetanda. Orest alimpigia simu shemeji yake aje kuwinda. Bohdan alidhani anataniwa.

"Kwenye baridi hiyo? Shemeji, una homa? Mwaga sumu ulale zako."

"Sumu haichagui, Bohdan. Mwewe akila mzoga wenye sumu, naye anakufa. Mbwa vilevile. Nitakuwa nimewaua wasaidizi wangu mwenyewe."

"Wasaidizi gani tena?"

"Njoo mwezi wa sita utawaona."

Basi alikwenda mwenyewe. Kila siku jua lilipochomoza vizuri alivaa sweta mbili na kofia ya mikia, kwa kuwa ilikuwa mbaya lakini ilikuwa na joto. Madume yalitoka kwanza, kisha majike. Kabla ya kufyatua alihakikisha nyuma ya shabaha kuna udongo, si ng'ombe wala nyumba. Mizoga aliifukia chini sana, ili mwewe wasije kumeza vipande vya risasi. Darka alimletea kahawa, akaandika idadi ya majike kwa chaki kwenye mlango wa ghala.

Mwisho wa mwezi wa nne mlango ulionyesha majike hamsini na mawili.

"Hamsini na mawili," Orest alisema kwa unyonge. "Mwaka jana nilipata themanini na tisa kwa siku moja."

Darka alichukua chaki. "Kila mmoja tumpe watoto saba. Saba mara hamsini na mbili." Aliandika, akajumlisha. "Mia tatu sitini na wanne. Hao hawatazaliwa, mume wangu. Na hukuhitaji viti vya kukunja."

Orest aliutazama mlango ule kwa muda mrefu, akarudi tena kuutazama baada ya chakula.

Mwezi wa tano ng'ombe hawakuingia kwenye shamba la majani. Walimalizia marobota, wakahamia malisho ya kando ya bwawa. Orest alisimamisha nguzo tatu ndefu zenye ubao juu, na mwewe wawili wakajenga kiota kwenye moja. Kando ya shimo la nyegere alichomeka mti na kuufunga aproni nyekundu ya zamani ya Darka, ili trekta lipite mbali. Majani yalipanda. Yalifika kwenye kifundo cha mguu, yakafika kwenye goti.

Siku ya Mikia ikafika. Bohdan aliketi nyuma ya pikapu na bunduki yake. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Upepo uliyalaza majani na kuyainua.

"Shemeji," alisema Bohdan, "umetuitia uwindaji au matanga? Mbona kimya?"

"Subira, mtu wa mjini," alisema Marlys, ambaye safari hii alialikwa.

Mpaka jioni walikuwa na mikia kumi na mmoja tu. Bohdan alikuwa na sita, Orest miwili. Bohdan aliinama mbele ya Orest ili avishwe kofia.

"Ngoja kwanza," alisema Orest. "Mshindi si wewe."

Aliivua kofia, akatembea polepole kwenye majani mpaka kwenye aproni nyekundu, akaitundika juu ya ule mti. Kisha akashika kifua na kuinama, kama mtu anayempongeza mheshimiwa. Marlys alicheka mpaka kahawa ikammwagikia ovaroli.

"Umeshindwa na nyegere, kaka," Darka alimwambia Bohdan. "Kula pyrohy ujipoze."

Asubuhi kofia haikuwepo. Alama za kuburuta zilielekea shimoni. Orest hakuidai.

Mwezi wa saba walifunga marobota sabini na moja. Darka aliyahesabu mara mbili, akaegemea la mwisho na kufunga macho. Orest alikaa karibu yake. Wote wawili walikuwa na furaha.

Mwezi wa kumi ulifika. Marlys alikuwa ametoka tu kusawazisha barabara, na lori la mnunuzi wa mifugo lilipita kwenye barabara hiyo bila kuyumba. Likapunguza mwendo langoni. Darka alikuwa pale, mkono mmoja juu ya shingo ya ng'ombe wake. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mama, mwaka huu wangapi?"

"Hapa hakuna anayepanda lori," alisema Darka. "Lakini huko uendako ukikuta mtu anauza mitamba, nipigie mimi simu. Nina majani."