Swichi za Nyumba Nzima

Jumamosi ndiyo siku watu wa Perth, kule Australia, wanapokumbuka kwamba nyumba zao zina giza, na duka la taa la Osborne Park siku hiyo halina pa kukanyaga. Wanandoa wananuniana chini ya taa za kuning'inia, watoto wanabonyeza kila kinachobonyezeka. Mbele ya ukuta wa swichi alisimama mwanaume mrefu, peke yake, kavaa shati la mgodini la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa, buti zake zimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Alikuwa amesimama pale muda mrefu mpaka mteja mmoja akamuuliza bei.

"Kaka, zinang'ata?"

Mladen aligeuka. Aliyeuliza alikuwa dada wa dukani, suruali nyeusi, nywele kazifunga juu kwa penseli, hereni za kijani zinamchezea shingoni. Kibandiko kifuani kilisema Kerrin.

"Nini zinang'ata?"

"Swichi. Unaziangalia kwa woga kweli."

"Zimenishinda," alisema, na alikuwa anasema ukweli. "Jumatatu wanapiga plasta. Fundi umeme anataka kujua leo nachukua swichi gani, apitishe waya. Kuta ni za matofali, zikishafunikwa ndiyo basi."

"Nyumba ina vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Mko wangapi?"

"Mimi."

Kerrin alicheka, kisha akaona haya. "Mtu mmoja, vyumba vinne! Basi chukua hizi za kawaida. Sikia." Akabonyeza moja. Tak! "Unasikia? Ukibonyeza unajua umefanya kitu. Hizi janja hata hazilii."

"Nataka janja. Nyumba nzima, hadi stoo."

"Stoo! Kuna nini stoo, dhahabu?"

Mladen alikuna kidevu. "Nafanya kazi migodini Pilbara, wiki mbili kule, wiki moja hapa. Jioni nikiwa kambini nataka nishike simu niwashe taa ya barazani. Nijue nina kwangu."

Kerrin aliondoa kidole kwenye swichi ya kawaida. Alishatongozwa kwa maneno matamu kuliko hayo, lakini hakuna lililomwingia kama hilo la mtu kuwasha taa ya nyumba tupu. Alimchagulia swichi moja moja, akamweleza ipi inapunguza mwanga na ipi ni urembo tu, na Mladen alipotoka dukani alikuwa na maboksi tele na namba ya simu ya Kerrin.

Simu zikaanza. "Umeoga, Mal, au bado unanuka dizeli?" "Nimeoga, malkia wangu." "Mwongo, nakunusa kutoka huku." Nyumba ilipokwisha, na baridi ilipoingia, Kerrin akahamia na kiti chake kikubwa cha bluu ambacho kiliwatoa jasho wanaume watatu mlangoni.

Mwanzoni zile taa zilikuwa raha. Kerrin akirudi kazini na mifuko ya sokoni, taa ya barazani inapepesa mara mbili, kisha simu inalia. "Karibu nyumbani, mpenzi." Na yeye anasimama pale anachekacheka peke yake, majirani wanamtazama.

Lakini swichi hizo hazina siri. Kila taa iliyowaka, simu ya Mladen ilijua, na ilijua imezimwa lini.

"Jana ulichelewa kulala."

"Nilikuwa nasoma."

"Na chumba cha wageni?"

"Nilitafuta shuka, bwana."

"Shuka muda wote ule?" Halafu anacheka, na hicho kicheko kilikuwa kibaya kuliko swali.

Simtetei, ila hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Kule kambini kila meza ya chakula ina mtu wa kusimulia mwenzao aliyerudi akakuta kabati la mkewe tupu, na Mladen alikuwa anasikiliza huku nyama inapoa. Anarudi chumbani, anafungua simu, anatazama taa. Kwa upande wake Kerrin alianza kujifikiria mara mbili kabla ya kwenda msalani.

Alhamisi moja jioni Mladen alikaa kwenye ngazi ya chumba chake cha kambini, taulo begani, akafungua simu. Nyumba nzima giza. Akaenda kula, akarudi. Giza bado. Akapiga.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, Mal. Nimekaa kwenye kiti changu."

"Kerrin, usinifanye mtoto. Hakuna hata taa moja inayowaka."

Na kweli alikuwepo, kwenye kiti cha bluu, blanketi miguuni, bakuli la supu mapajani, anakula kwa kupapasa. Alikuwa amezoea kufanya hivyo siku hizo. Katika nyumba ile yote, ni giza tu ndilo lililokuwa lake.

"Nakaa gizani ili usinione," alisema polepole. "Nimechoka kuonekana."

"Uko na nani?"

Hapo ndipo Mladen alipoharibu.

"Haya," Kerrin alisema. "Tazama simu yako."

Mladen alisikia nyayo. Sebule ikawaka. Jiko. Korido, bafu, chumba cha wageni, chumba chao. Hata stoo.

"Umemwona? Mtafute vizuri."

"Mpenzi, nisamehe. Nimekosea."

Stoo ikazimika. Chumba cha wageni kikafuata. Akasikia zipu ya begi. "Kerrin, ngoja, tuongee." Chumba chao, bafu, korido. Jiko. Sebule. Simu ikakatwa. Ikabaki taa ya barazani, nayo ikazimika.

Mladen akaiwasha kwa kidole gumba. Ikazimwa. Akaiwasha tena, ikazimwa tena. Mwanaume anayefumua injini za malori makubwa kuliko nyumba yake, na sasa anashindana na kidole cha mwanamke juu ya swichi moja, mbali huko, na kabla ya Jumanne hakuna ndege ya kambi. Machozi yalimtoka hapohapo kwenye ngazi na hakuyafuta. Akaiwasha mara nyingine. Safari hii ikabaki inawaka.

Ndivyo alivyojua ameondoka.

Jumanne aliikuta bado inawaka, juani. Ndani kiti cha bluu kilikuwepo kwa sababu hakibebeki. Hakuoga, hakukaa. Alikwenda Osborne Park.

"Nikusaidie, bwana?" Kerrin alimuuliza kama mteja yeyote. Siku hiyo hakuwa na hereni.

"Nataka swichi za kawaida. Nyumba nzima."

"Hadi stoo?"

"Hadi stoo. Fundi umeme anakuja kesho, mimi mwenyewe sheria hainiruhusu hata kuzigusa."

Alizitoa rafuni bila kutabasamu, boksi juu ya boksi.

"Na ukiwa kule," aliuliza, macho kwenye maboksi, "utajuaje kama nipo?"

"Sitajua."

"Utaweza?"

"Siwezi." Alisema mbele za watu. "Siwezi, Kerrin. Nitakaa hivyohivyo bila kujua."

Kerrin alizipanga kwenye mfuko taratibu kuliko ilivyohitajika. "Funguo bado ninazo," alisema. "Lakini sijakuahidi kitu."

Wiki yake ya mapumziko ilipita nyumba ikiwa kimya. Akarudi Pilbara. Jioni ya kwanza alifungua simu kwa mazoea, na hakukuta chumba hata kimoja, nyumba ilikuwa imefutika pamoja na zile swichi janja. Alikaa kwenye ngazi akiigeuzageuza simu mkononi. Mwishowe akapiga. Swali lake la siku zote lilimjaa mdomoni, akalimeza.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Halafu ndani ya simu: Tak!

Mladen alisimama wima. Huenda ni kwa dada yake Bassendean, alikokimbilia, swichi za hivyo ziko kila nyumba mjini. Akauma mdomo.

"Hujaniuliza," alisema Kerrin.

"Sijauliza."

"Inakuuma?"

"Sana, mpenzi."

Akamwacha aumie kidogo zaidi, na mimi naona ilimstahili.

"Hiyo ni ya barazani," alisema. "Ukirudi utaikuta inawaka. Uizime mwenyewe, kwa mkono, halafu uingie ndani."