Leso ya Kukhu Kwenye CD

Jumamosi hiyo ya mwaka 2008, chai ya Nerima ilipoa mezani. Macho yake yalikuwa kwa kompyuta. Arusi ya bintiye Nanjala ilikuwa humo ndani, na kesho alikuwa anaipeleka Webuye kwa Kukhu, nyanyake Nanjala.

Kukhu alikuwa amevunjika nyonga, hakuweza kusafiri kuja Nakuru. Alituma leso yake nyekundu tu, akasema, "Nataka kuiona mabegani mwa huyo mtoto."

Nerima alipata programu za kubana video iwe ndogo, akachagua yenye vitufe vingi. Alidhani ndiyo kali. Akabana saa mbili za arusi ziingie kwa CD moja. Angekata hotuba ya nani? Wakwe wangenuna mpaka Krismasi!

Alipoicheza, lo! Nanjala hakuwa na uso. Alikuwa vijisanduku vya rangi, na leso ilikuwa doa tu. Nerima alitaka kulia.

Akakimbia kwa jirani yake Vimla, mwenye studio ya picha.

"Mama Arjun, nimeharibu arusi!"

"Video ya kwanza, kabla hujaibana, umefuta?"

"Hapana."

"Basi hujaharibu kitu, Mama Nanjala. Hiyo usifute kamwe. Sasa, Kukhu ataangalia kwa mashine gani?"

"Deki yake ya VCD."

"Anza hapo, si kwa vitufe. Programu yako ni ya mafundi, hata mimi inanichosha. Chukua hii ya bure. Inauliza tu unatengenezea deki gani. Bonyeza VCD, mengine itapanga yenyewe."

"Kwa CD moja?"

"Wee! Magunia mawili ya viazi vya Dundori utashindilia kwa gunia moja? Vitapondeka. Tumia CD mbili."

Wakaiweka kwa kompyuta ya Nerima, kisha kwanza wakajaribu kipande kifupi kwa deki kuukuu ya Vimla. Uso wa Nanjala ukatokea, mpaka na kishimo cha shavuni. Nerima akashika mdomo.

"Na ni kompyuta ile ile?"

"Ile ile," Vimla akacheka.

Huko Webuye, Kukhu alisogezwa mbele ya TV. Alivumilia hotuba zote. Kisha kamera ikamkaribia bibi arusi.

"Leso yangu!" akasema polepole. "Jamani, hata kiraka nilichoshona kinaonekana!"

Kukhu akaweka mkono wake kwenye kioo cha TV.

"Nerima, rudisha nyuma," akasema. "Bado sijamsalimia."