Spika ya Marehemu Lwamba

Rafiki yangu Magloire wa Kasongo hutengeneza amplifaya za gitaa kwa mikono: sanduku la mbao, zile taa za kioo za kukuza sauti zilizokuwa ndani ya redio za kizamani, na sauti yenye joto na mikwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulia. Spika nzuri kuliko zote aliing'oa katika amplifaya ambayo mpiga gitaa Lwamba alimwachia airekebishe. Lwamba akafa kabla ya kuifuata, na Magloire akamwambia mjane, mama Francine, kwamba spika iliungua.

Akaifunga katika amplifaya ya kwaya moja ya kanisa huko Wamaza, akaipeleka kwa pikipiki. Kwenye kizuizi cha barabarani, afisa alidai karatasi ya kuthibitisha kwamba sanduku halihitaji karatasi.

Alifika mchana, mvua ikinyesha, madirisha ya kanisa yamefungwa, ndani giza. Kabla hajatoa batri ya kuliwasha kwenye mfuko wake, sanduku likaanza kulia: mtu anakaza nyuzi za gitaa, moja moja, bila haraka.

Mwanakwaya mmoja akasogea na tochi ya simu. Alikuwa mama Francine, aliyerudi kwao baada ya matanga.

“Papa Magloire, huyu ni Lwamba. Uzi wa tatu anaukaza mara mbili, siku zote. Spika hii uliitoa wapi?”

“Iko mupya, mama. Mupya kabisa.”

Sauti ikakatika. Ikabaki mvua juu ya mabati. Magloire, akinisimulia bila kuniangalia, anasema alitaka kuungama, akajikuta akirudia: mupya. Mama Francine akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika, akakiondoa upesi.

Kitambaa kilikuwa kikipanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.