Mkeka wa Peris Uliochelewa

"Peris, sema ukweli. Ulichungulia matokeo?"

"Nichungulie na nini, Onesmus? Simu nimerudishiwa saa hii!"

Ilikuwa Ijumaa mchana. Onesmus Barasa, fundi wa lifti, alikuwa chumbani kwake Ghulail, Jeddah. Mpenzi wake Peris Kemunto alikuwa Riyadh, jikoni kwa Madam, mwajiri wake, mtaa wa Al-Naseem. Wapenzi watu wazima, wanagombana kwa sababu ya vijana wa vyuo vya Marekani wanaorusha mpira kikapuni!

Kila Machi, Wakenya wa grupu lao la WhatsApp hujaza mkeka, kila mtu akitabiri mshindi wa kila mechi mpaka bingwa. Onesmus ndiye msahihishaji. Mechi ya raundi ya kwanza ina pointi moja, kisha pointi huongezeka maradufu kila raundi, hadi fainali yenye thelathini na mbili. Mikeka hufungwa Alhamisi kabla ya mechi ya kwanza. Wa Peris uliingia Ijumaa, nusu ya raundi ya kwanza ikiwa imeshachezwa.

"Wageni wa Madam walikuja Jumatano," Peris alisema. "Wageni wakija anakusanya simu zetu zote. Nilikuwa nimejaza kwa karatasi tangu Jumanne."

"Titus huko kwa grupu anasema hiyo ni story tu."

"Sijauliza Titus. Wewe unasema nini?"

Onesmus alikohoa. Grupu nzima ilikuwa inamngoja.

"Nimekutoa kwa mashindano. Sheria ni sheria."

"Kunitoa ni sawa, nimechelewa. Lakini umeandika mbele ya watu kwamba nimeiba."

"Peris..."

"Halas, basi! Mwezi ujao naenda nyumbani peke yangu. Nitamwambia Tata amuuze yule jogoo aliyekuwekea akuchinjie."

Simu ikakatwa. Onesmus alipojaribu tena, alikuwa ameblokiwa. Moyo ulimuuma, maana tiketi ya kwenda Kisii kujitambulisha kwa huyo Tata, baba yake Peris, alikuwa ameshakata.

Mashindano yakaisha. Titus akaongoza, akaanza kujiita profesa. Lakini kuna kitu kilimkuna Onesmus kila akikaa. Je, mkeka wa Peris ungepata ngapi? Asubuhi moja akashindwa kuvumilia, akaufungua, akausahihisha.

Akapiga simu.

"Titus, mtu akiona majibu ya mtihani, anaandika mabaya?"

"Labda moja mbili, asishukiwe."

"Peris alikosa tisa kati ya zile kumi na sita zilizokuwa zimechezwa. Hata ile sisi wote tulipata!"



"Na bingwa?" Titus akauliza.

"Amempata. Amekupita, profesa."

"Wacha! Sasa utamwambia nini?"

"Sijui. Naona aibu, bro."

Aliandika kwenye grupu: "Peris hakuiba. Nilimchafulia jina mbele yenu, nami naomba msamaha mbele yenu. Yeye ndiye mshindi." 

Siku ya safari ikafika. Ndege ya Peris kutoka Riyadh ilipitia Jeddah, na ile ya kutoka hapo kwenda Nairobi ndiyo Onesmus aliyokuwa amekatia tiketi. Alimkuta kwenye viti vya abiria, mkoba mapajani, macho dirishani.

"Nilisoma ulichoandika," Peris alisema bila kugeuka.

"Nisamehe. Nilipaswa kukuamini kabla ya kuhesabu."

"Ulipaswa."

 Udadisi ukamshinda Onesmus hapo hapo.

"Lakini ulijuaje bingwa?"

Peris akageuka, nusura acheke.

"Ile video ulinitumia. Mchezaji wao alikosa mpira wa mwisho, na wenzake wote wakamkimbilia kumkumbatia. Nikasema hawa hawatupi mwenzao, watafika mbali."

Onesmus aliinamisha kichwa. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha.

"Mimi nilikutupa."

"Ulinitupa, na iliniuma sana." Peris alimtazama. "Raundi ya kwanza nilikosa nyingi, na bado nikashinda. Wewe umekosa ya kwanza. Ukikosa zilizobaki, mimi nitakutoa kwa mashindano."

Kisha akatoa simu.

"Tata? Yule jogoo umeshamuuza?"

Onesmus akainua kichwa.

"Bado? Basi mwache. Mgeni yuko hapa kando yangu, na ni Mluhya, hawa kuku mmoja hawatoshi, kwa hivyo tafuta jogoo wa pili."