Zege la Chini ya Mteremko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Letisia alibeba ndoo na kushuka mtoni pamoja na wasichana wenzake wa kijiji cha Maretadu. Lakini wiki ile alikuwa na kazi nyingine. Kijiji kilikuwa kimechimba kisima kirefu, na pampu yake ingeendeshwa na paneli za sola ambazo zingefungwa juu ya nguzo nene ya chuma na kugeuka polepole kulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni.

Fundi Rahel, aliyetoka Dodoma, alikuwa amemwaga zege sehemu mbili. Moja ilikuwa chini ya nguzo. Nyingine ilikuwa mbali, chini ya mteremko, na ndani yake alizamisha ndoano ya chuma. Kwa kuwa nyumba ya akina Letisia ilikuwa jirani, yeye ndiye aliyepewa jukumu la kumwagilia zege asubuhi na jioni.

"Zege likikosa maji siku hizi za mwanzo, linakuwa dhaifu," fundi alimweleza. "Nguzo na paneli zake ni karibu kilo mia nane, na kreni haiwezi kuvuka daraja lenu la miti. Tutainyanyua kwa winchi ya mkono, mashine ya kuvuta waya, na winchi itashikwa na ile ndoano ya chini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, fundi."

Siku mbili za kwanza alimwagilia kote. Siku ya tatu mteremko ulimchosha, na wenzake walikuwa wakimwita wakacheze rede. Akamwagilia zege la juu tu, lile lililoonekana na kila mtu. Kesho yake akafanya hivyo hivyo, na siku zilizofuata pia. Fundi alipomuuliza, alijibu haraka, "Nimemwagilia kote."

Jumamosi, siku ya kunyanyua nguzo, Letisia hakugusa uji wake. Alikaa, akasimama, akatoka nje, akarudi ndani. Mama yake, Odilia, alimtazama.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Kisimani watu walikuwa wamejaa. Nguzo ililala chini, mguu wake umefungwa kwenye bawaba juu ya zege, paneli zimeshaunganishwa kichwani. Fundi Rahel aliwapanga watu wa kushika kamba za pembeni ili nguzo isiyumbe. Letisia alimwona mama yake akipokea kamba ya kushoto na kuizungusha mikononi.

"Haya, taratibu!" fundi aliita.

Winchi ikaanza kulia. Kichwa cha nguzo kikaachana na ardhi. Kikafika magotini, kikafika kiunoni. Waya uliovutwa na winchi ulikaza mpaka ukatetemeka. Letisia alitazama waya, akamtazama mama yake, na miguu yake ikaanza kukimbia yenyewe.

"Simamisheni! Fundi, simamisheni!"

Fundi Rahel aliinua mkono. Nguzo ikashushwa polepole mpaka chini.

"Kuna nini?"

"Zege la chini," Letisia alisema akihema. "Nililimwagilia siku mbili tu. Nilikudanganya."

Walishuka wote. Fundi alifunua magunia makavu yaliyolifunika zege. Ufa mwembamba kama uzi ulitoka kwenye ndoano hadi ukingoni. Alipogonga kwa nyundo, kipande kikamomonyoka.

"Tumeacha kupalilia maharage kwa ajili ya hii kazi!" alifoka Akonaay, mwenyekiti wa kamati ya maji. Letisia aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

"Hatuahirishi," fundi alisema. "Leteni majembe, na gogo la mkaratusi. Tutalizika, lishike winchi badala ya ndoano."

Walichimba shimo refu lililofika kifuani mwa mtu, wakalaza gogo ndani yake, wakafunga mnyororo katikati ya gogo, kisha wakafukia kwa mawe na udongo walioushindilia. Letisia alibeba mawe mpaka mabega yakawaka moto. Fundi aliukaza mnyororo kwa winchi, akangoja, akakaza tena. Gogo halikusogea.

Saa kumi jioni nguzo ilisimama wima, nati zake zikafungwa, na vigelegele vikasikika hadi ng'ambo ya mto.

Fundi Rahel alimwita Letisia kando. "Kuchoka si kosa. Ungeniambia, ningekutafutia msaidizi. Kosa ni kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Mama yako alishika kamba ile akiamini neno lako. Hata mimi nimekosea, nilipaswa kushuka kukagua kwa macho yangu. Lakini umeweza kusema ukweli mbele ya kijiji kizima, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeumia. Siku nyingine useme mapema."

"Nisamehe, fundi."

"Nimekusamehe. Jumatatu uje uone tunavyowasha pampu."

Odilia alimsogelea akijipuliza viganja vilivyochubuliwa na kamba. Alimfuta mwanawe vumbi usoni.

"Twende nyumbani," alisema. "Leo ugali utasonga wewe."